Stakabadhi

Kirumba wanasema alikuwa na bastola mbili.
Alikuwa na panga la kukatia mkonge
na gobore la kuazima, lisilo na baruti.
Aliyeniambia ni bibi yangu Holo,
na Holo alikuwa mkewe,
na hakuwa mtu wa kumpamba marehemu.

Mwaka ule pamba ilishuka
hadi frasila nzima haikufikia bei ya gunia la kuibebea.
Kodi ya kichwa haikushuka.
Karani alikuja na meza yake na kivuli chake cha turubai.
Watu walilipa kwa mbuzi; aliyekosa mbuzi
alilipa kwa mgongo, akivunja mawe njia ya Shinyanga.

Holo akapika moshi.
Serikali ilikuwa imeupiga marufuku,
kwa hiyo wanywaji wake wakubwa walikuwa serikali:
askari wawili, tarishi, mkalimani wa korti,
kila mmoja na chupa yake, usiku,
nyuma ya mabwe ya Luchelele
ambako moto hauonekani ila na mamba.
Mtungi, mwanzi, maji ya ziwa ya kupoza.
Tone.
Tone.
Hivyo ndivyo nyumba yetu ilivyoezekwa.

Lugembe, mumewe, aliona tone linachelewa.

Siku ya mishahara kiwandani, pale pa kuchambulia pamba,
waliingia watatu: yeye, Nkwabi,
na kijana wa Kikerewe, Bujune, mwenye mtumbwi.
Mhasibu alikuwa anamenya karanga. Aliendelea kumenya.
Walitoka na sanduku la bati
na, kwa kuwa lilikuwa juu ya sanduku,
daftari la madeni.

Hapa Kirumba huongeza chumvi.
Eti alisimama sokoni akalichoma,
na watu elfu moja wakalala usiku ule hawadaiwi.
Eti noti zilipeperuka kama wadudu wa ziwani
wanapoinuka wingu zima kutoka majini.
Noti!
Zilikuwa senti, zile zenye tundu katikati,
zimetungwa kwenye katani, mia mia,
nzito mpaka mtumbwi ukaanza kunywa maji.
Bujune alisema tutupe. Lugembe alisema kateni maji.
Walitupa nusu, hawajafika Ukerewe.
Ningu wamezizoea.
Sangara, alipoletwa miaka mingi baadaye, alizikuta.

Walimpata siku ya tisa,
na si mwanamke aliyemsaliti, ingawa wanaume hupenda hivyo.
Alikwenda kunyolewa.
Alimpa kinyozi senti hamsini akaondoka
bila kungoja chenji.
Mwaka ule! Nani hakungoja chenji?
Askari aliyempiga risasi
alikuwa anadaiwa na Holo chupa tatu.

Daftari halikuchomwa. Holo hakujua kusoma
ila karatasi aliijua: alizisokota kurasa
kuzibia chupa, deni moja, chupa moja,
hadi ukabaki ukurasa alioupelekea mtoto wa misheni.
Mtoto akasoma:
*Lugembe, mwana wa Masalu. Jembe. Kaniki doti moja. Chumvi.
Shilingi nne na senti thelathini.*

Alimaliza kuzikusanya baada ya miaka kumi na minane.
Alitembea hadi mjini, dukani kwa mwana wa yule tajiri,
akafungua fundo la kitambaa, akahesabu kwa sauti.
Yule bwana akacheka, si kwa ubaya:
Mama, daftari lile lilipotea, hudaiwi kitu.
Holo hakucheka.
Najua lilipotea. Lilipotelea kwangu.
Niandikie stakabadhi.

Ninayo. Wino umekuwa rangi ya chai.
Penye jina ameandika la babu.
Penye *kwa ajili ya*
amepiga mstari tu.